"Mpini" na Visawe Vyake vya Kiingereza

Hudaiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili ni fukara wa majina ya sehemu za vifaa, na ushahidi utolewao ni neno mpini. Kiingereza, husemwa, kina 'haft' kwa kisu, 'helve' kwa shoka, 'hilt' kwa upanga na 'shaft' kwa mkuki. Kiswahili kina mpini tu. Hoja hii ni dhaifu. Imetokana na mazoea ya kamusi za lugha mbili ya kurundika visawe pasipo kueleza mipaka yao.

Yatosha kuvitazama vifaa vyenyewe katika Kiwanjani, mtaa wa mji wa Isiolo ambako Kiswahili huwakutanisha wasemaji wa Kiborana, Kisomali, Kiturkana na Kimeru. Jembe, shoka na kisu vina mpini. Ndoo ina utambo, kwa kuwa kishikio chake ni upinde unaochezacheza. Mkuki, kwa msemaji mwangalifu, una uti. Rungu je? Halina mpini kabisa, ijapokuwa lina mahali pa kushikwa. Wala mchi wa kinu hauna. Sababu ni kwamba vyote viwili ni mti mmoja. Mpini ni kitu cha pili, kinachopokea msuka wa kisu au kuingia katika tundu la shoka. Basi Kiingereza hugawa kwa kufuata aina ya chombo, Kiswahili kwa kufuata namna ya kuunganishwa. Kigezo hiki, ni kweli, hulegea mbele ya kijiko cha chuma, ambacho wengine hukipa mpini na wengine mkono.

Kipini nacho kisidhaniwe kuwa ni mpini mdogo tu, maana ni pambo la pua vilevile. (Jina la Kiwanjani lenyewe lina kiambishi hicho hicho, na hapana anayedhani kwamba kiwanja lazima kiwe kidogo kuliko uwanja.)

Mfasiri ndiye huumia zaidi. Katika usemi wa kushika mpini, yaani kuwa na mamlaka, mpinzani huachiwa makali. Anayeandika 'hilt' huingiza upanga na heshima ya kiaskari. Anayeandika 'helve' humpa mtawala shoka. Kisu cha jikoni, ambacho watu wawili waweza kukigombea kwa mikono mitupu, kimetoweka. Hapo 'handle', neno linalodharauliwa kwa ujumla wake, ndilo lifaalo.