Gogo Moja, Mbao Tisa au Saba

Kiangazi, kwenye njia za vumbi zinazoingia mashambani kutoka Mafinga, dingdong husikika kabla haijaonekana. Mlio hupanda diski inapopita mahali pepesi, hushuka na kukwaruza inapokutana na fundo, kisha hunyamaza gogo likitoka upande wa pili. Mashine yenyewe haina makuu: fremu ya chuma iliyochomelewa na fundi wa karibu, injini ya dizeli, mkanda, diski moja ya meno, na vijana wanne au watano wanaosukuma gogo kwa mikono. Mabanzi hutupwa pembeni yawe kuni au uzio. Chini ya fremu hujikusanya lundo la vumbi la rangi ya unga wa dona.

Mwenye shamba la misindano anayetaka kupasua mbao zake mwenyewe aanze kwa kuliangalia lundo hilo, kwa sababu kabla ya kusagika lilikuwa mbao.

Kila msumeno hujichimbia njia ndani ya gogo, na upana wa njia hiyo hauuziki. Diski ya dingdong hula milimita 6 hadi 8 kila inapopita. Utepe mwembamba wa msumeno wa bendi hula 2 hadi 3. Mnyororo wa chenso hula 8, 9, hata 10. Tofauti huonekana ndogo mpaka mtu achukue rula. Chukua boriti ya mraba yenye upana wa sentimita 25, uipasue mbao za inchi moja, yaani milimita 25. Kwa bendi inayokula milimita 2.5 zitatoka mbao 9 na kubaki nusu sentimita. Kwa dingdong inayokula 7 zitatoka 8, tena kwa kubanana, milimita moja tu ikisalia. Kwa chenso inayokula 9 zitatoka 7. Gogo ni lilelile na jasho la kulilea ni lilelile.

Kwenye magogo membamba hasara huuma zaidi, na magogo ya wakulima wadogo wa Nyanda za Juu Kusini mengi ni membamba, kwani mwenye ada ya shule ya kulipa hasubiri mti unenepe. Boriti ya sentimita 15 hutoa mbao 5 kwa bendi na 4 kwa dingdong. Mbao moja kati ya tano imepotea.

Hesabu hiyo ni ya diski inayokwenda wima bila kuyumba, na gogo linalosukumwa kwa mikono haliendi hivyo. Pima mbao ya dingdong ncha zote mbili: huku milimita 25, kule 29. Mnunuzi wa Buguruni, Dar es Salaam, halipii hizo milimita nne za ziada. Atampa fundi wa randa, naye atazigeuza maranda.

Basi kwa nini dingdong imeenea hivyo Mufindi, Njombe na Makete? Si ujinga wa wapasuaji. Mpasuaji huwa amenunua miti ikiwa imesimama shambani, na akiipata kwa bei ya chini, vumbi halimtii hasara kubwa. Kinachomuumiza ni mashine kulala. Dingdong ikivunjika saa nne asubuhi, fundi wa kuchomelea anaweza kuwa ameimaliza kabla ya jioni. Beringi na mkanda viko dukani, na diski inanolewa kwa tupa. Mvua zikianza na njia za Mufindi kugeuka utelezi, fremu inafunguliwa na kubebwa vipande vipande mpaka bondeni kwenye magogo. Kwa mtu wa hesabu hizo, hiyo ndiyo mashine sahihi. Mwenye miti hesabu yake ni nyingine: gogo analolipasua amelilea kwa palizi, kupogoa na kulikinga na moto kwa zaidi ya miaka kumi, na kila sentimita inayosagika ni yake.

Lipo pia suala la usalama, ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Dingdong nyingi hazina kikinga juu ya diski, na mkono unaosukuma gogo husogea pamoja nalo kuelekea kwenye meno. Gogo likibana, diski hulirudisha kwa nguvu kwa aliyelisukuma.

Bendi ya kuhamishika ilisambaa duniani baada ya kampuni ya Wood-Mizer ya Indiana, Marekani, kuanza kuuza mashine zake mwaka 1982. Gogo hulazwa kwenye reli na kufungwa, na kichwa cha msumeno ndicho kinachotembea juu yake, kikibeba utepe unaozunguka kwenye magurudumu mawili. Mpasuaji hushusha kichwa kwa kipimo, husukuma, huinua, hurudi. Mbao hutoka zenye unene mmoja na uso laini.

Utepe huo, hata hivyo, ni kama mgeni wa heshima: una masharti. Gogo lililoburutwa kwenye matope huingiza mchanga katika meno, na saa chache za kazi hugeuka dakika. Kwa hiyo maganda huchunwa kwa panga, au gogo huoshwa, kabla halijapandishwa relini. Utomvu wa msindano hujibandika kwenye utepe mpaka upakwe maji au mafuta kidogo. Utepe butu hausimami, bali huendelea kukata huku ukipanda na kushuka, na mbao hutoka ikiwa na mawimbi, hasa penye mafundo. Anayenunua bendi anunue pia mashine ya kunolea na ya kupangia meno, pamoja na tepe za akiba kumi au zaidi. Asipofanya hivyo, bendi yake itakaa chini ya turubai huku akikodi dingdong ya jirani. Mradi wa Panda Miti Kibiashara, ulioanza mwaka 2014 kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland, ulijihusisha pia na mafunzo ya upasuaji, na palikuwa na sababu: ustadi wa kunoa huongeza mbao bila kuongeza mti hata mmoja.

Yote hayo ni ya msindano mwembamba uliopandwa kwa mistari. Ukiteremka Kilwa, ambako misitu ya asili inayosimamiwa na vijiji ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009, hali ni nyingine kabisa. Mkongo au mninga uliokomaa umelala porini peke yake, ni mzito, na barabara iko mbali. Kuuburuta mpaka kwenye bendi ni kazi ya trekta ambayo kijiji huenda hakina. Hapo panafaa mashine ya diski inayogeuka, kama Lucas ya Australia. Reli zake husimamishwa juu ya gogo palepale lilipoangukia. Diski hupita ikiwa wima, kisha hupinduliwa na kurudi ikiwa imelala, na ubao hung'oka umekamilika pande zote. Gogo halisogezwi hata hatua moja. Diski hula milimita 5 hivi, zaidi ya bendi, lakini meno yake ya ncha ngumu huvumilia mchanga na hunolewa bila kufunguliwa. Papua New Guinea watu wa vijijini wana mashine ndogo za kubebwa mpaka msituni, na kwa Kitok Pisin huziita wokabaut somil, msumeno unaotembea. Jina hilo lingefaa Kilwa bila tafsiri.

Chenso yenye fremu ya kuongozea ndiyo rahisi kuliko zote kununua na ghali kuliko zote kutumia. Ni polepole, hunywa mafuta na humchosha mtu mgongo. Mnyororo wa kawaida, ulionolewa kwa nyuzi 30 ili kukata mti kwa kuukingama, husogea kwa shida ukiulaza kwenda na nyuzi za mti, kwa hiyo meno hunolewa upya kwa nyuzi kama 10. Ina kazi moja inayoistahili: ubao mpana wa meza kutoka kwenye mti mmoja ulioanguka uani. Kupasua shamba zima kwa chenso ni kulisaga.

Kwa familia yenye eka tatu au nne za misindano, kununua mashine yoyote ni haraka isiyo na sababu, kwa kuwa magogo ya eka hizo yakiisha itabaki kulala miaka hadi miti mingine ikomae. Majirani wanaovuna msimu mmoja hufanya vizuri zaidi wakikusanya magogo yao mahali pamoja karibu na barabara, kila moja na alama ya mwenyewe, na kukodi bendi yenye magurudumu pamoja na mpasuaji wake. Malipo yapangwe kwa mbao zinazopita kipimo ncha zote mbili, si kwa siku. Siku ya kwanza, kabla injini haijawashwa, mwenye magogo amwombe mpasuaji amwonyeshe tepe alizokuja nazo, na ahesabu ngapi zimenolewa.