Chambo Kilichotulia

Siku ya mwisho ya Bassmaster Classic ya 2023, mashindano ya kuvua samaki aina ya besi, mvuvi Jeff Gustafson alifika mizanini na samaki wawili. Kanuni inamruhusu mvuvi kupima watano kwa siku. Wawili hao walitoa ratili 6 na wakia 12, yaani kilo tatu na kidogo, na bado, kwa jumla ya siku tatu, akamshinda Bryan Schmitt aliyekuwa wa pili kwa gramu 800 hivi. Akaondoka Knoxville, Tennessee, na dola 300,000, Mkanada wa kwanza kutwaa taji linalogombewa tangu 1971.

Hesabu yake ni hii: Ijumaa ratili 18 na wakia 8, Jumamosi 17 na 3, Jumapili 6 na 12. Jumla ratili 42 na wakia 7, zaidi kidogo ya kilo 19. Mashindano aliyashinda siku mbili za mwanzo. Jumapili aliponea chupuchupu.

Ukiuliza samaki hao kumi na wawili aliwapataje, wengi watakujibu kwa neno moja: sona. Jibu hilo naliona la kivivu. Sona, yaani kifaa kinachotafuta kwa mwangwi, inakuonyesha samaki alipo, lakini haimfungui mdomo.

Tuanze na mahali. Mabwawa mawili, Fort Loudoun la Mto Tennessee na Tellico la Mto Little Tennessee, yameunganishwa kwa mfereji. Humo mna besi wa aina mbili wanaotafutwa hasa. Wa mdomo mkubwa, ambaye msomaji wa Naivasha anamjua kwa kuwa aliletwa ziwani humo kutoka Marekani mwaka 1929, anaruhusiwa kupimwa akifikia inchi 14. Wa mdomo mdogo, mpenda maji baridi na mawe, lazima afikie inchi 18, karibu nusu mita. Kwa hiyo mshindani mwenye haraka humkwepa: unaweza kuvua wengi wa mdomo mdogo kutwa nzima na usipate hata mmoja wa kupeleka mizanini. Lakini sharti hilo lina upande wake wa pili. Yeyote anayefikia inchi 18 ni mzito, na ukipata watano kama hao huna haja ya kutafuta tena. Gustafson aliwaendea hao, mferejini, mahali alipokwisha kushinda mashindano mengine Februari 2021 kwa ratili 63 za siku nne. Hakuna aliyeweza kusema hakujua alikokuwa akienda.

Sasa mbinu. Mwenyewe huiita moping, neno la Kiingereza la mtu aliyenuna na kuzubaa, na jina limekaa. Anachukua chambo laini cha plastiki chenye umbo la dagaa, kiasi cha sentimita 10, kisicho na mkia wa kupiga makasia. Anakivika kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi cha gramu 10 hivi. Anaifikisha boti juu ya samaki, anakishusha chambo wima, anakisimamisha kabla hakijawafikia, kisha hafanyi kitu. Mikono inatulia. Mtikisiko mdogo wa boti na mkondo wa maji vinatosha kukipa chambo uhai.

Hapa ndipo mtu wa mshipi wa pwani atatabasamu, maana kukaa juu ya samaki na kuteremsha chubwi wima ni kazi aliyozaliwa akiikuta. Tofauti ni kwamba yeye huigusisha chubwi chini ndipo apandishe, na huku kugusa chini ni kosa. Chambo lazima kibaki juu ya samaki, na kisishuke hata kidogo kupita kichwa chake. Besi aliyepoa kwa baridi hafukuzi kitu kinachozama, lakini kivuli kidogo kilichosimama juu yake, kikionekana dhidi ya mwanga, kinamkera au kinamtamanisha, na anapanda taratibu kukitazama. Akianza kupanda, mvuvi anashawishika kukitikisa chambo. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Kikitikiswa kitashuka kidogo, na samaki aliyekuwa akipanda atageuka. Akikupandia, tulia, au kipandishe polepole kama kinachomkimbia.

Jambo lililonifundisha zaidi ni dogo kuliko yote: fundo. Kichwa hicho cha risasi kina tundu lililosimama juu, na uzi unaingia kwa pembe mraba. Fundo likitelezea mbele, chambo kinaning'inia kichwa juu, mkia chini, kama kidole kinachoonyesha sakafu. Hakuna samaki mdogo anayeelea hivyo. Fundo likirudishwa katikati ya tundu, kinalala sawasawa, tumbo chini, kama dagaa aliyesita. Kila baada ya samaki, na kila baada ya chambo kugonga kitu, fundo linahama tena. Atakayeipuuza kazi hiyo ya sekunde tatu atakaa juu ya samaki wale wale na asipate hata mguso, kisha aseme hawali.

Turudi kwenye sona. Mbinu hii ni ya zamani kuliko sona ya mubashara. Hata sona ya kawaida inayochungulia chini ya boti inaitosha. Sona ya mubashara ilishika soko pale Garmin ilipotoa LiveScope mwaka 2018, na ilichofanya ni kuondoa kungoja. Sauti katika maji baridi huenda mita 1,450 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi kutoka mita sita unarudi chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Mvuvi anauona mwendo wakati ule ule unaotokea. Kinachong'aa kwa samaki ni hasa kibofu chake cha hewa. Kinachong'aa kwa chambo ni risasi, kwa kuwa plastiki laini hairudishi sauti vizuri. Ndiyo maana anayepunguza risasi mno hukipoteza chambo chake mwenyewe kwenye kioo.

Lakini kioo kina uongo wake. Mwale wa LiveScope ukielekezwa mbele una upana wa nyuzi 20 tu kushoto hadi kulia, na kioo hakikuambii samaki yuko upande gani ndani ya upana huo. Piga hesabu: kwa umbali wa mita 20, upana ni karibu mita saba. Nukta unayoirushia inaweza kuwa mita tatu na nusu pembeni mwa chambo chako huku kioo kikionyesha vimekutana. Wanaotupa chambo laini mbali na kukivuta kikitetemeka katikati ya maji, juu ya samaki waliowaona mbele, wanapambana na kosa hilo kila mtupo. Ukiwa wima juu ya samaki, kwa kina cha mita sita, upana huo unabaki mita mbili tu, na uzi wenyewe unajinyoosha kuelekea shabaha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ubora wa mbinu ya Gustafson ulipo: aliisogeza boti karibu hadi kosa la mashine likapungua.

Ubishi kuhusu vyombo hivi haujaisha. Waandaaji wa mashindano Major League Fishing, katika ligi yao ya Bass Pro Tour ya 2025, waliiwekea sona ya mubashara inayotazama mbele kikomo: kipindi kimoja tu kati ya vitatu vya siku. Kanuni ya namna hiyo ingembana zaidi anayetupa mbali kuliko anayekaa juu ya samaki wake.

Na Jumapili ile? Tarehe 26 Machi ni mwanzo wa majira ya kuchipua. Maji yanapata joto, na besi wa mdomo mdogo wanaanza kuacha vilindi kuelekea kingo za mawe. Ninavyousoma uzani wake, hakukosea mbinu. Waliokuwa chini ya boti walikuwa wanapungua, kwa kuvuliwa na kwa kuhama, na chambo kilichotulia kinahitaji mtu chini yake wa kukitazama. Alibaki palepale. Wawili wakapanda.