Shamba la michikichi Muhuta huamuliwa kwenye mbegu

Mwenye eneo kubwa Muhuta, Burundi, anayetaka miti ya kumlipa kwa muda mrefu hahitaji kutafuta mbali: ukanda wote wa Ziwa Tanganyika kutoka hapo hadi Rumonge ni nchi ya mchikichi. Soko la mawese lipo, na masalia ya mise, yaani viini vya kokwa, yana kazi. Lakini mchikichi husimama shambani miaka 25 na zaidi, kwa hiyo makosa yake hayalingani. Palizi iliyochelewa hufidiwa msimu unaofuata, na mbolea iliyokosekana huongezwa baadaye. Mbegu mbaya haina dawa isipokuwa shoka. Ndiyo maana naona desturi ya kuokota mbegu chini ya mchikichi uliozaa vizuri ndiyo hasara kubwa kuliko zote kwa mkulima wa ukanda huu.

Sababu yake ilijulikana zamani, tena katika nchi jirani. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC cha Yangambi, Congo, Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka 1941 jinsi unene wa gamba la kokwa unavyorithiwa. Aina iitwayo dura ina gamba nene na nyama kidogo, na mafuta ya mawese yamo kwenye nyama. Pisifera haina gamba, lakini mikungu yake kwa kawaida huoza kabla ya kukomaa. Ukizichanganya unapata tenera: gamba jembamba, nyama tele. Tatizo linaanza pale tenera inapozaliana na tenera mwenzake, kwa sababu uzao hugawanyika: robo dura, nusu tenera, robo pisifera. Kwa nafasi ya mita 9 kwa pembetatu, hekta moja hubeba miti 143. Aliyepanda mbegu za kuokota za uzao huo atakuwa na miti kama 36 isiyompa kitu na mingine 36 ya gamba nene, na yote inakula maji na mbolea sawa na ile mizuri. Chavua ikitoka kwa dura za jirani, nusu ya shamba inarudi kuwa dura.

Wakulima hawaokoti mbegu kwa uzembe, maana macho yenyewe hudanganya. Kata tunda kwa kisu katikati: tenera ina duara la nyuzi nyeusi kwenye nyama, kuzunguka kokwa, na dura haina. Ni kipimo kizuri cha kuujua mti uliozaa tunda hilo, lakini hakisemi lolote juu ya mche utakaotoka humo, kwa kuwa gamba ni mwili wa mama. Mbegu halisi ya tenera huzaliwa na mama dura aliyefungiwa ua lake na kupewa chavua ya pisifera, kwa hiyo ina gamba nene. Anayechagua mbegu kwa wembamba wa gamba anaikataa ile aliyokuwa akiitafuta. Kinachothibitisha mbegu ni asili yake tu, yaani kituo kinachosimamia uchavushaji, kama kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, Kigoma, ng'ambo ya mpaka, iliyobeba kazi ya kuzalisha miche ya tenera baada ya serikali ya Tanzania kuanza kulifufua zao hili mwaka 2018.

Wapo wanaosema mashine ndogo za kukamulia hupoteza mafuta mengi kiasi kwamba aina ya mti haina maana. Sikubaliani nao. Mashine dhaifu inapoteza sehemu ya kile inachopewa, na kwenye tunda lenye nyama nyingi kinachobaki bado ni kingi. Hoja ya mvua ina uzito zaidi: kiangazi cha Juni hadi Septemba ni kirefu kwa mti huu, na ukame huufanya utoe maua mengi ya kiume, hivyo mikungu hupungua hata miaka miwili baadaye. Hapo dawa ni kuchagua ardhi ya chini karibu na ziwa na kulaza makuti yaliyokatwa kati ya mistari ili udongo usikauke. Kwenye miteremko nisingeshauri kabisa kufyeka kilima kizima. Mizizi ya mchikichi ni mingi lakini haishiki kwa kina, na maporomoko ya ardhi ya Gitaza ya Machi 2015, yaliyoua watu na kuifunga barabara ya Rumonge, yalionyesha udongo wa huku ulivyo.

Liko pia suala la umiliki, na si dogo Rumonge, ambako waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walirudi wakakuta michikichi yao mikononi mwa wengine. Hati ya ardhi itangulie mche. Kisha fanya hesabu ya kalenda: mche hukaa kitaluni karibu mwaka mzima, kwa hiyo anayetaka kupanda mvua za Novemba mwakani aagize mbegu yake sasa, na adai karatasi ya mahali ilikotoka.