Mashine za Leonardo Husomwa kwa Mkono

Wageni wengi wanaoingia katika jumba la makumbusho ya Leonardo da Vinci, mtaa wa Via dei Servi jijini Florence, hukimbilia mabawa. Ni haki yao. Mtu aliyezaliwa mwaka 1452 akawaza kumrusha binadamu angani lazima avutie macho. Mimi huwashauri wanaokwenda huko waanze na winchi.

Winchi hiyo ni ya kupandishia mawe. Ina mkono mrefu wa mbao unaosukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Mtu angetegemea mzigo upande mkono ukienda mbele, kisha ushuke mkono ukirudi. Haushuki. Unapanda mkono ukienda, na unapanda mkono ukirudi. Kazi iko kwenye magurudumu mawili yanayotazamana, yaliyovishwa kwenye mhimili mmoja. Ndani ya kila gurudumu kuna meno yaliyolala upande mmoja na ulimi mdogo wa kunasa. Ukisukuma, ulimi wa gurudumu la kwanza hunasa na kulizungusha, na ule wa pili huteleza juu ya meno yake bila kushika. Ukivuta, zamu hubadilika. Katikati ya magurudumu hayo kuna giya ndogo inayoumwa na yote mawili, moja upande huu na jingine upande ule, kwa hiyo lolote litakaloshika, giya hiyo huzungukia upande uleule. Kamba hujikunja na jiwe hupanda. Aliyewahi kurudisha pedali za baiskeli nyuma akasikia friwili ikilia tik-tik-tik, ameshausikia ulimi huo ukiteleza.

Maelezo haya nimeyaandika kwa taabu, na msomaji pengine ameyasoma kwa taabu. Ukiushika ule mkono wenyewe, taabu inakwisha. Kiganja kinapokea kila kitu kwa mpigo: pale meno yanapouma, pale ulimi unapoachia, na ule uzito unaobaki palepale bila kurudi chini unapopumzika. Ndiyo maana napenda makumbusho yanayoruhusu watu kushika. Mashine iliyofungiwa kwenye kioo ni umbo tu. Ikizungushwa ndipo inajieleza.

Mchoro wenyewe Leonardo aliuchora akiwa kijana, karibu mwaka 1480. Umo katika Codex Atlanticus, mkusanyiko wa karatasi zake 1,119 uliohifadhiwa katika maktaba ya Biblioteca Ambrosiana mjini Milan. Kushoto mwa ukurasa ameionyesha winchi ikiwa nzima, imesimama, tayari kufanya kazi. Kulia ameifungua. Kila kipande amekichomoa na kukiacha hewani mkabala na pale kinapokaa, magurudumu yamepangwa kwenye mstari wa mhimili wao, na jicho linaweza kuyarudisha moja baada ya jingine mpaka mashine ikamilike. Fundi pikipiki yeyote anaujua mtindo huu, kwa sababu vitabu vya vipuri huchorwa hivyohivyo hadi leo. Mimi nauona ukurasa huo kuwa mkubwa kuliko mabawa yote. Aliyeuchora hakutaka kumshangaza mtu. Alitaka seremala asikosee.

Wala ujuzi huo hakuzaliwa nao. Florence ndiyo iliyomfundisha. Akiwa kijana aliingia katika karakana ya Andrea del Verrocchio, mahali ambapo watu walipaka rangi, walichonga mawe, walimimina shaba na kuchomea vyuma chini ya paa moja. Mwaka 1471 karakana hiyo ilikamilisha tufe kubwa la shaba lililopandishwa juu kabisa ya kuba la kanisa kuu la Santa Maria del Fiore, kuba linaloonekana hadi leo ukiutazama mtaa wa Via dei Servi kuelekea mwisho wake. Kuba hilo lilijengwa na Filippo Brunelleschi kuanzia mwaka 1420, na ili kuinua mawe yake alibuni winchi kubwa iliyozungushwa na ng'ombe. Giya zake ziliweza kubadilisha kupanda kuwa kushuka bila kuwafungua ng'ombe na kuwageuza. Leonardo alizichora mashine za Brunelleschi kwa makini. Alisoma kwa kuchora kazi ya waliomtangulia, kipande kwa kipande. Na hakusahau: baada ya miaka zaidi ya 40, akiwa mzee na akishughulika na vioo vya kukusanya miali ya jua, alijiandikia kumbukumbu akumbuke namna lile tufe la Santa Maria del Fiore lilivyochomewa.

Nyuma ya kila mashine katika jumba hilo kuna fundi mwingine ambaye jina lake mgeni halijui: seremala aliyepewa nakala ya mchoro akaambiwa atengeneze. Kazi yake inastahili kutazamwa polepole. Angalia magurudumu. Meno hayakukatwa kwenye ubao wenyewe. Yamechongwa moja moja na kupigiliwa katika matundu kuzunguka ukingo. Sababu ni nyuzi za mbao. Ukikata meno katika duara la ubao mmoja, baadhi yatafuata nyuzi na kuwa imara, na mengine yatazikata na kumeguka siku ya kwanza yakibeba mzigo. Jino lililochongwa peke yake lina nyuzi zinazokwenda kwa urefu wake wote, na likivunjika linang'olewa, linawekwa jingine, kazi inaendelea. Giya ndogo ya katikati nayo ni vigingi vya duara vilivyokerezwa, vimesimama kati ya visahani viwili. Vigingi hivyo fundi kereza anaweza kuvitoa vingi vya unene mmoja. Tazama pia nafasi iliyoachwa kati ya jino na kigingi. Ikiwa finyu, mbao ikinywa unyevu itavimba na winchi itakwama. Ikiwa pana, mkono utacheza na meno yatagongana. Nafasi hiyo haimo kwenye mchoro wa Leonardo. Seremala ameitoa kwenye uzoefu wake.

Mara nyingine mchoro wenyewe unamchezea fundi. Leonardo alichora kigari kinachojiendesha, karibu miaka ileile ya winchi. Kwa miongo mingi watu walijaribu kukitengeneza wakidhani nguvu yake inatoka kwenye zile pinde kubwa mbili zinazoonekana juu. Kigari hakikwenda. Mtaalamu Carlo Pedretti, na baadaye mhandisi Mark Rosheim, walisisitiza kwamba nguvu iko kwenye springi za kujikunja zilizofichwa chini, ndani ya vijaluba vya duara, na kwamba pinde za juu zinaongoza mwendo tu. Mwaka 2004 makumbusho ya historia ya sayansi ya hapohapo Florence yalionyesha kigari kilichotengenezwa kwa usomaji huo, nacho kikatembea. Karatasi ilikuwa ileile muda wote.

Gari la vita lenye umbo la kobe, ambalo pia alilichora, lina kisa chake. Giya zake zikitengenezwa kama zilivyochorwa, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanazunguka kinyume na gari halisogei. Wapo wanaosema alitia kosa makusudi ili adui asimwibie. Mimi naona ni karatasi ya mtu aliyekuwa bado anafikiri. Ukitazama kurasa zake nyingi utakuta wazo likianza, likiachwa na kurudiwa pembeni likiwa bora kidogo. Kumfanya asiyekosea kamwe ni kumnyima sifa ya bidii yake.

Hapo ndipo ninapogombana na baadhi ya vibao vinavyobandikwa katika makumbusho ya Leonardo duniani. Eti alivumbua helikopta. Ile parafujo yake ya angani ni wazo zuri, lakini kwa nguvu za watu wanaoisukuma isingeinuka. Eti alivumbua baiskeli. Mchoro huo wa baiskeli ulionekana kwenye Codex Atlanticus karne ya 20, na wataalamu wengi wanakana kwamba ni wake. Sifa za namna hii zinamshusha. Anayetaka kuuona ukubwa wake katika jambo la kuruka asome daftari lake la mwaka 1505 hivi kuhusu ndege, lililopo Turin. Humo anafuatilia bawa linavyojipinda, mkia unavyoongoza na upepo unavyombeba ndege asiyepiga bawa hata mara moja. Ni macho ya mtu aliyekaa akatazama.

Kwenye kona ambayo wengi huipita kuna kisahani cha mbao kilichokaa juu ya gololi. Zimepangwa kwa duara, kila moja na nafasi yake ili isimsugue mwenzake. Ukikisukuma kwa kidole kinazunguka na kuendelea kuzunguka. Mchoro wake umo katika daftari la miaka ya 1490 lililopo Biblioteca Nacional ya Madrid, daftari lililopotea machoni pa wataalamu ndani ya maktaba hiyohiyo hadi miaka ya 1960. Leonardo alishagundua kwamba msuguano hutegemea uzito unaokandamiza, na kwamba upana wa eneo linalogusana hauongezi kitu. Guillaume Amontons, Mfaransa, alilitangaza jambo hilo mwaka 1699, na sifa akachukua yeye, kwa kuwa madaftari ya Leonardo hayakuwa yamechapishwa. Kisahani hiki kinaeleza ufundi wake vizuri kuliko picha maarufu zaidi: aliona mashine zinakula nguvu kwa kusuguana, akapima, kisha akatafuta dawa.

Watoto, wao, utawakuta kwenye daraja. Ni rundo la vijiti vya mbao vyenye pengo, bila msumari, bila kamba, bila gundi. Kimoja hupita juu ya kijiti kimoja na chini ya kingine, vya kukingama vikibana vya kwenda mbele. Mara ya kwanza huporomoka, na ya pili pia. Kisha mtoto mmoja hugundua kwamba lazima ashikilie katikati huku mwenzake akiingiza kijiti kutoka upande, na daraja linajikaza. Ukilikandamiza kwa kiganja linazidi kushika, maana uzito ndio unaovibana vijiti. Leonardo alilikusudia kwa ajili ya jeshi lenye haraka ya kuvuka mto, likate miti iliyopo na kuvuka. Sijaona somo la nguvu na mizani linalofundishwa kwa vifaa vichache kuliko hivi.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa useremala na wa fizikia katika vyuo vya ufundi na sekondari zetu. Kurasa za Codex Atlanticus zimewekwa kwenye intaneti na zinatazamwa bure, hata kwa simu. Hatuhitaji nauli ya Italia kuzisoma. Daraja linataka mbao za mabaki, msumeno na patasi, basi. Winchi inataka muda zaidi, kerezo na mtu mwenye subira ya kuchonga meno moja moja. Wapeni wanafunzi mchoro bila maelezo, waacheni wakosee nafasi ya meno, wapasue ubao kwa kuupuuza uelekeo wa nyuzi, wachonge tena. Anzeni na daraja muhula huu.