Igeuze Kwanza

Muuzaji akikukabidhi saa ya mkononi, usiitazame uso. Igeuze. Uso wa saa ya bei nafuu ndiko mtengenezaji alikomaliza rangi na mng'aro wake wote. Mgongoni hakutarajia mtu achungulie.

Soma maandishi ya huko nyuma. "STAINLESS STEEL BACK" maana yake chuma cha pua ni kifuniko hicho tu. Kiwiliwili kilichobaki mara nyingi ni madini laini yaliyopakwa rangi ya chuma, na kwa jasho la Tanga au Mombasa rangi hiyo huanza kubanduka pembeni, panapogusa ngozi, ikaacha madoa ya shaba. Ukikuta "ALL STAINLESS STEEL", hapo kuna la kuzungumza.

Kisha angalia kifuniko kimefungwaje. Kuna kinachobanwa kwa kidole tu, kuna cha skrubu nne, kuna kinachozungushwa kama kifuniko cha chupa. Hicho cha mwisho ndicho ninachokiamini zaidi, kwa sababu hukaza sawasawa pande zote juu ya pete nyembamba ya mpira iliyo ndani. Maji yanazuiwa na pete hiyo, hata saa iwe nzito kama jiwe la kusagia. Na ile "30M" isikutume kupiga mbizi. Ni kipimo cha mgandamizo, kwa saa mpya, katika maji yaliyotulia. Saa ya namna hiyo inavumilia manyunyu na udhu. Anayeogelea atafute ya mita 100.

Mimi niliua saa nzuri kwa kuidharau pete hiyo. Nilibadilisha betri kwa fundi wa kando ya njia. Alimaliza kwa dakika mbili, nikamsifu kwa wepesi wake. Juma la pili, nikitoka kutawadha, nikaona ukungu chini ya kioo, kama pumzi ya mtu aliyefungiwa ndani. Fundi mwingine alipoifungua, akanionyesha kwa ncha ya kibano: pete ilikuwa imejikunja upande mmoja na kubanwa hivyo hivyo. Betri ilikuwa mpya kabisa, mashine imeshika kutu. Tangu siku hiyo siachi saa nikaenda kunywa chai. Nasimama pale pale mpaka nione pete imesafishwa, imepakwa grisi kidogo ya silikoni na kulazwa kwenye mfereji wake.

Sasa waweza kuigeuza uso. Kioo kiguse kwa mdomo: cha plastiki huwa vuguvugu, kioo halisi huwa baridi. Plastiki huchubuka upesi, lakini michubuko midogo hutoka kwa dawa ya meno na kitambaa. Kioo cha kawaida ni kigumu zaidi, ila punje za mchanga ni ngumu kuliko kioo hicho, na alama zake hazifutiki. Cha yakuti samawi hakiogopi mchanga, kinaogopa sakafu.

Tazama mshale wa sekunde ukitua. Je, unaangukia kwenye vistari, au katikati ya vistari? Kasoro hiyo haipunguzi usahihi, lakini aliyeifunga saa hiyo bila kujali mshale, sijui alijali nini kingine. Vuta kile kidude cha ubavuni cha kurekebishia saa. Kikicheza kama jino bovu, rudisha.

Kuhusu mashine sina maneno mengi. Katika saa ya betri kuna kijiwe cha fuwele kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na Seiko ndiyo iliyouza saa ya kwanza ya mkononi yenye kijiwe hicho, Desemba 1969. Leo ufundi huo ni wa bei ya chee. Saa ya tarakimu ya Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989, ina uzito wa gramu 21, betri yake hukaa miaka kama saba, na kwa mwezi mzima hukosea sekunde 30 tu. Saa ya otomatiki, ile isiyo na betri, ikiwa ya bei nafuu inaweza kukosea hivyo kwa siku moja. Taa ya Casio hiyo ni hafifu kiasi cha kutia aibu. Hata hivyo ndiyo kipimo changu: saa yoyote inayouzwa ghali kuliko hiyo inieleze imeongeza nini. Ukishikilia kitufe chake cha kulia kwa sekunde kama tatu, kioo huandika jina la kampuni, ingawa feki za siku hizi nazo zimejifunza.

Lakini nakiri, saa ya mishale ina raha yake kwetu. Mshale mfupi ukiwa kwenye saba, jicho linakwenda ng'ambo, kwenye moja, na ndiyo saa moja. Ya tarakimu inakulazimisha kutoa sita asubuhi na mapema, kabla ya chai.

Matunzo ni machache. Mkanda wa mpira au wa chuma uoshe kwa sabuni na mswaki mkuukuu kila wiki, maana chumvi ya jasho hula pini. Saa ya otomatiki yenye tarehe, usiibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku; meno ya gurudumu la tarehe yanakuwa yameshikana, yatavunjika. Betri dai ya fedha, iliyoandikwa SR, si LR inayofifia polepole na kuvuja. Iliyokufa usiiache ndani hata kama saa iko kabatini.

Na mshale wa sekunde ukianza kuruka mbilimbili, usiutikise mkono. Baadhi ya saa zimeundwa kutoa taarifa hiyo betri inapokaribia kwisha. Una siku chache za kwenda kwa fundi, na ukifika, mkumbushe pete.