Galaxy A16 Mkononi, Vidole Bado Tecno

Kioo! Acha nianze na kioo, maana sijawahi kusimama Nyerere Square saa saba mchana, jua likiwa utosini, nikausoma ujumbe mrefu wa WhatsApp tangu mwanzo hadi mwisho bila kuikinga simu kwa kiganja wala kukimbilia kivuli. Sasa nasoma. Mkononi nina Samsung Galaxy A16, toleo la 4G, na macho yangu hayajaizoea raha hii. Mji wetu wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kiangazi kikiingia Mei hakiachii hadi Novemba, na mwanga wa hapa hufifisha kila kilichoandikwa kwenye kioo dhaifu. Simu niliyotoka nayo, Tecno Spark, ina kioo cha LCD, yaani taa moja inayomulika kutoka nyuma ya picha nzima. Hiki cha A16 ni AMOLED: kila nukta inatoa mwanga wake yenyewe, na penye weusi nukta imezimwa kabisa. Kina ukubwa wa inchi 6.7 na hujichora upya hadi mara 90 kwa sekunde. Ukipandisha orodha ya majina kwa kidole, majina yanateleza, hayarukiruki. Nimejikuta napandisha na kushusha orodha ya majina bila kumtafuta mtu yeyote!

Nimehama, lakini sikuhama kwa chuki, na sitaisema vibaya Tecno. Kampuni mama, Transsion ya Shenzhen, ilianza 2006 na ikaamua kuiangalia Afrika kwanza, wakati wakubwa wengine walikuwa wanatuletea masalia ya masoko yao. Laini mbili kwenye simu moja ya bei nafuu, betri ya kushinda nayo siku nzima, kamera iliyofundishwa kuziona sura nyeusi: hayo tuliyapata kwao mapema, na nusu ya ukoo wangu imeanzia intaneti kwenye Tecno au itel. Ndiyo maana kuhama kuna uzito. Unatoka kwenye nyumba ambayo unajua swichi ya taa iko wapi hata usiku wa manane.

Na swichi ya kwanza niliyoipapasa ni kitufe cha kurudi nyuma. Kwenye Spark kilikuwa kushoto. Samsung wanakiweka kulia, na kushoto wameweka kile kinachofungua orodha ya programu ulizotumia karibuni. Kwa siku za mwanzo kila nikitaka kurudi nyuma nafunguliwa orodha, na nikitaka orodha narudishwa nyuma. Dawa ipo, tena rahisi: ingia kwenye mipangilio, upande wa kioo, tafuta sehemu ya vitufe vya chini, ugeuze mpangilio wake. Unaweza pia kuvifuta vyote na kutumia mipapaso ya kidole pembeni mwa kioo. Mimi nimeamua kutogeuza kitu. Simu ninayoshika kwa mkono wa kulia ikinipa kitufe cha kurudi chini ya dole gumba la kulia, naona waliokipanga hapo walifikiria. Vidole vinajifunza, na vyangu vimeshaanza kukubali.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo limenifurahisha kuliko nilivyotegemea. Samsung wana mpangilio wao juu ya Android, wanauita One UI, na msingi wake ni huu: vya kusoma vikae juu, vya kugusa vikae chini. Ukifungua ujumbe au mipangilio, kichwa cha ukurasa kinashuka hadi karibu katikati ya kioo, na unachotaka kubonyeza kinakufuata ulipo. Nilidhani ni urembo. Kisha nikapanda daladala ya kwenda Mtumba, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine una simu, abiria wamebanana hadi mlangoni, nikajibu ujumbe, nikahamisha pesa na kuzima data kwa dole gumba moja tu. Aliyechora mpangilio huu kama hajawahi kupanda daladala, basi amekaa na mtu aliyepanda!

Kuhamisha maisha kutoka simu moja hadi nyingine hakukunitoa jasho. Programu ya Smart Switch inazungumza na simu ya Android ya kampuni yoyote, kwa waya au bila waya, na inabeba majina, picha, ujumbe mfupi na hata orodha ya programu ulizokuwa nazo. WhatsApp ishughulikie peke yake: tangu 2023 ina njia ya kuhamisha mazungumzo moja kwa moja kati ya simu mbili za Android. Ziweke simu jirani, Wi-Fi ikiwa imewashwa, skani ile alama ya miraba, kisha subiri. Hakuna bando linaloungua kupandisha mazungumzo hewani na kuyashusha tena. Sauti za marehemu babu yangu, zile alizozoea kunirekodia kila Jumapili, zimevuka zote.

Pesa ndiyo iliyokuwa inanipa hofu, na hofu hiyo haikuwa na msingi. M-Pesa, Airtel Money na HaloPesa zimefungwa kwenye laini, simu ni chombo tu. Nimechomeka laini, nikapiga *150*00#, na salio likatokea pale pale kama vile hakuna kilichotokea. Programu za benki, NMB Mkononi na SimBanking ya CRDB, ndizo zinazotaka uthibitishe upya kwamba ni wewe, na ni haki yake. Fanya kazi hiyo ukiwa umetulia nyumbani, usingoje uwe kwenye foleni ya dukani.

Sasa laini zenyewe, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo mtu wa Tanzania anapohisi tofauti kwa kweli. Spark ina vyumba vitatu: laini, laini, na kadi ya kumbukumbu. A16 ina viwili, na chumba cha pili lazima uchague: ama laini ya pili, ama kadi. Kwetu, laini mbili ni mpango wa maisha. Moja ina pesa na ndiyo namba waliyonayo ndugu, nyingine ina bando la bei nzuri, na ukienda Bahi au ukivuka kuelekea Manyoni kuna mahali mtandao mmoja unashika na mwenzake umeshapotea. Kwa hiyo kadi yangu ya kumbukumbu, yenye muziki wa miaka na miaka, ikabaki nje. Nimeihamishia yote ndani ya simu, kwenye GB 128, na bado nafasi ni tele. Kama wewe ni mpiga picha wa harusi au una maktaba nzito ya video, hili lipime kabla hujatoa hela. Mimi nimechagua laini mbili na sijutii.

Kamera! Niliipeleka Kolo makusudi. Barabara ya lami inayotoka Dodoma kuelekea Kondoa na Babati inakufikisha hadi kijijini, unaandikisha jina ofisini, unapewa mwongozaji, kisha mnapanda kilima hadi Mungumi wa Kolo. Ni kati ya mapango yaliyomo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, na wenyeji bado hufika hapo kufanya matambiko. Sijui kipimo kigumu zaidi cha kamera katika nyanda hizi za kati. Nje jua linachoma mawe, chini ya mwamba kuna kivuli, na ukutani kuna watu wembamba warefu na wanyama waliochorwa kwa wino mwekundu wa udongo. Wekundu huo umefifia kiasi kwamba macho yenyewe yanahitaji muda kuuona, na jirani yake kuna michoro myeupe ya zama za baadaye.

Kamera kuu ya megapikseli 50, ambayo kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja ili ikusanye mwanga zaidi, ilinitoa machozi. Wekundu ulibaki ule ule wa udongo, haukugeuzwa rangi ya chungwa wala kahawia. Nilipoikuza picha nikaona mstari wa mgongo wa mnyama ambao pale ukutani sikuwa nimeuona! Kamera ya pili, ile ya kuchukua eneo pana, iliuweka mwamba wote kwenye fremu moja pamoja na bonde lililo mbele yake. Nimeipenda kwa mandhari, ila ina megapikseli 5 tu, kwa hiyo usiitegemee kwa mistari midogo. Ya tatu ni ya vitu vya karibu sana, na nimeshaanza kuisahau kama ipo. Mwongozaji alinikumbusha nizime mweko wa kamera, nami nakukumbusha wewe: kwa kivuli kile hauhitajiki, na michoro ile haina wa kuirudishia rangi.

Sura za watu nimezijaribu Mvumi, kwa shangazi yangu. "Mbukwa, shangazi," nikamwamkia, na kabla hajauliza habari za nyumbani nilikuwa nimeshapiga. Tecno hupenda kuing'arisha sura, kuilainisha na kuipa nuru, na wengi wanaipenda kwa sababu hiyo. Samsung wameiacha sura jinsi ilivyo. Shangazi akachukua simu, akaivuta picha kwa vidole viwili hadi mikunjo ya macho yake ikajaa kioo kizima.

"Mwanangu, hapa nimetoka mimi mwenyewe," akasema. "Hii nisafishie, niiweke ukutani."

Picha hiyo iko studio sasa hivi, inasafishwa.

Vumbi nalo tulitaje, maana upepo wa kiangazi unapobeba udongo mwekundu kutoka Nkuhungu hadi Makole, hakuna mfuko unaosalimika. A16 ina daraja la IP54: vumbi limezuiwa kwa kiwango cha kutoiharibu simu, na maji ya kurukia hayana madhara. Kuizamisha kwenye ndoo ni jambo jingine, usijaribu. Nimekaa nayo kwenye bodaboda, imetoka imevaa koti la vumbi, nimeifuta kwa khanga, basi. Betri ni ya mAh 5,000, sawa na ile niliyoizoea, na nilipopanda SGR asubuhi kwenda Dar es Salaam nikiangalia video njia nzima, jioni bado nilikuwa napiga simu bila kutafuta tundu la umeme.

Lakini kinachonifanya nimsimamishe kila jirani ni hiki kingine: miaka sita! Simu hii ilitoka mwishoni mwa 2024 ikiwa na Android 14, na Samsung wameahidi matoleo mapya sita ya Android pamoja na miaka sita ya viraka vya usalama. AFCON ya 2027 itatukuta simu ikiwa bado inapata matoleo mapya. Uchaguzi Mkuu wa 2030 utatukuta viraka vikiwa bado vinaingia. Simu za daraja hili, za bei ya mwalimu na muuza duka, hazikuwahi kupewa ahadi ya namna hii. Ilikuwa ya wenye simu za mamilioni. Nasi tunaihitaji kuwazidi wao. Mtu wetu hanunui simu kila mwaka. Anainunua, anaitumia, anampa mdogo wake, mdogo anaipeleka kijijini kwa mama. Na humo ndani ndimo ilimo benki, ndimo ulimo mchango wa kikoba, ndiyo namba ya kupokelea hela za mazao kutoka Kibaigwa. Simu iliyoachwa bila viraka ni mlango ambao komeo lake limeanza kuoza. Januari 2025 WhatsApp iliziacha simu za Android 4.4, nazo zilikuwa zinawaka vizuri tu. Najua watu walioachwa na familia zao kwenye kimya kwa ajili hiyo.

Sasa yale ya kujua kabla ya kwenda dukani. Ndani ya boksi kuna simu, waya na kipini cha kutolea laini. Chaja haimo, na aliyezoea boksi la Tecno lenye chaja na kava aweke hesabu hiyo pembeni. Simu inapokea wati 25, lakini kwa chaja yenye mfumo wa PPS tu. Chaja yako ya zamani itaijaza, ila kwa mwendo wa kobe. Tundu la hedifoni la duara halipo kabisa, ni waya wa Type-C au Bluetooth. Kiswahili cha kuandikia nimekipata kwa kuweka kibodi ya Gboard, nayo inanimalizia maneno vizuri ajabu.

Bei hutofautiana kati ya duka na duka, hata kwenye mtaa mmoja wa Uhindini, kwa hiyo uliza mara tatu. Kama mfuko unaruhusu, acha ya RAM ya GB 4, chukua ya 6 au 8, kwa sababu ni mashine ya kuishi nayo hadi 2030. Na kabla hujamhesabia muuzaji noti zako, bonyeza *#06#, linganisha tarakimu 15 zitakazotokea na zile za kwenye boksi, kisha zitume kwa ujumbe kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Juni 2016 walizima simu bandia nchi nzima, na mfumo huo bado unafanya kazi. Jibu likirudi na jina la Samsung na modeli yako, lipa, na umwambie akubandikie protekta hapo hapo, kabla vumbi halijaingia.