Jinsi Kinjeketile Anavyozama Bila Maji

Wengi wanaoanza shahada ya sanaa za maonyesho hufika wakiamini kwamba mwigizaji hodari ni yule anayelia machozi ya kweli na kupaza sauti mpaka nyuma ya ukumbi. Imani hiyo hupata mtihani siku wanapokabidhiwa tamthilia ya Kinjeketile. Tamthilia inataka mtu avutwe na nguvu isiyoonekana hadi mto Rufiji, azame, akae humo muda ambao binadamu hawezi kukaa, kisha atoke akiwa mkavu. Ukumbini hakuna mto, na pengine hata ndoo ya maji haipo. Kuna sakafu ya mbao, taa chache na wanafunzi wenzake waliovaa kaniki. Nataka kueleza jinsi onyesho hilo linavyofanya kazi, maana humo mna somo ambalo mwigizaji anahitaji kulielewa kabla hajatoka chuoni.

Ebrahim Hussein aliitoa Kinjeketile mwaka 1969, wakati chuo cha Dar es Salaam kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya Shakespeare. Nyerere alithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba tamthilia kubwa ya wageni. Hussein alikuwa na swali jingine: mtu wa Ngarambe, kijiji cha Kinjeketile, mwenye pepo wake na hofu zake, asimameje jukwaani bila kugeuzwa kichekesho? Swali hilo lilimkabili chuoni hapohapo, ambako wanahistoria walikuwa wakikusanya masimulizi ya wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani.

Kifaa kizuri cha kulichambua onyesho la mtoni kilitoka chuoni humohumo. Mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walichapisha Fasihi na Sanaa za Maonyesho, wakaeleza kwamba sanaa hizi husimama juu ya mambo manne: dhana inayotendwa, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Kwa kipimo hicho, ngoma ya unyago na utambaji wa hadithi vina haki ya kuitwa sanaa za maonyesho sawa na tamthilia iliyoandikwa. Tuyachukue yote manne, moja baada ya jingine.

Kwanza, dhana. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Mapigano yaliendelea hadi 1907. Kinjeketile wa Hussein anaishi mpaka anayaona maangamizi. Anawaambia watu wangoje, hawangoji, wanakwenda kukabili bunduki kwa kuyategemea maji ya dawa waliyoamini yatawakinga, na mwishowe yeye yumo kifungoni akitakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake asichukuliwe kuwa nakala ya mtu wa historia, na ukilitazama jambo hili kwa jicho la mwigizaji utaona sababu yake. Mtu anayenyongwa mwanzoni anampa mwigizaji imani peke yake. Anayebaki hai anampa imani, kisha shaka, kisha kukataa kuisaliti imani ya wengine hata baada ya yake kutikisika. Kwa hiyo anayeigiza kuzama lazima ajue tangu siku ya kwanza ya mazoezi kwamba ataulipia mzamo huo gerezani. Akiuigiza kama muujiza uliokamilika, onyesho la mwisho litakosa mzizi.

Pili, mtendaji. Hapa ndipo mafunzo ya chuo yanapoonekana. Mtu mwenye hofu huvutia pumzi kifuani. Mabega hupanda, shingo hukaza, sauti hutoka nyembamba. Mwigizaji hufunzwa kuishusha pumzi mpaka kwenye kiwambo, ili tumbo lifanye kazi na koo libaki huru. Hilo likishakuwa mazoea, anaweza kuwa na sauti mbili bila kujiumiza: ya Kinjeketile mwenyewe, inayoanzia kifuani, na ya Hongo, pepo anayempanda, inayotoka chini zaidi, polepole, pasipo haraka ya binadamu. Tofauti hiyo ina kazi kubwa, kwa kuwa ndani ya maneno ya pepo kuna ahadi kwamba baada ya Wajerumani kushindwa watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Kinjeketile akirudiwa na fahamu, maneno hayo yanamtesa: kama tunamfukuza bwana mmoja ili tuwe chini ya mwingine, tunapigania nini? Hadhira isipozitenga sauti hizo mbili, mateso hayo hayaeleweki, na nguzo ya tamthilia inaanguka.

Watu wa pwani wana neno linalomsaidia sana mwigizaji hapa. Katika ngoma ya pepo, aliyepandwa huitwa kiti, kwa kuwa pepo amemkalia. Mwigizaji naye ni kiti, ila huyu hapaswi kupoteza fahamu. Wakati macho yake yamegeuka na mwili unatetemeka, anahesabu hatua, anasikiliza neno litakalompa zamu, anajua taa iko wapi na mwenzake amesimama upande gani. Anayepoteza fahamu kweli atamkanyaga mwenzake au atasahau kutoka mtoni.

Tatu, uwanja. Mwongozaji anayeanza kazi huhangaikia mto: achore pazia la buluu, atandike kitambaa kinachotikiswa, aweke sauti ya maji kwenye spika. Njia iliyo imara ni kuuweka mto pembeni, nje ya macho ya hadhira, na kuuacha uwe mahali ambapo watu wote jukwaani wanapatazama. Kuna sharti moja: wote waangalie sehemu moja, kwa kimo kimoja. Mmoja akiutazama mto chini ya miguu yake na mwingine akauona mbali kwenye upeo wa macho, mto umekwisha kukauka. Kwenye mazoezi jambo hili huweza kula saa nzima, na saa hiyo haipotei.

Nne, watazamaji. Hapa ndipo siri ya onyesho lote ilipo. Onyesho lina hadhira mbili. Moja imekaa vitini. Nyingine imo jukwaani: wanakijiji waliobaki ukingoni wakisubiri. Ngoma ya pepo hutufundisha kwamba aliyepandwa hutambuliwa na waliomzunguka. Wao ndio wanaopiga ngoma, wanaoitikia, wanaomuuliza pepo jina lake na haja yake. Mtu anayetetemeka peke yake chumbani ni mgonjwa tu. Vivyo hivyo, mzamo wa Kinjeketile unatendwa hasa na wasiozama. Mwigizaji mkuu ametoka machoni mwetu, ameketi nyuma ya pazia akifuta jasho, na kwa dakika hizo tamthilia yote imeshikwa na watu ambao pengine hawana sentensi zaidi ya mbili. Wakisubiri kwa kweli, mmoja akianza kuamini amekufa, mwingine akitaka kurudi nyumbani na miguu ikikataa, basi anapotokea mkavu sisi nasi tunashtuka. Wakisubiri kama watu waliopanga foleni, hata angetoka mtoni amebeba mwezi, hakuna atakayejali.

Kusubiri jukwaani kunafundishika. Kila mwanakijiji apewe swali lake: nani wangu yuko katika shamba la pamba la Mjerumani? Nilikula nini jana? Nikiamini maji haya, mwanangu atakwenda vitani? Mwenye swali ana kitu cha kufanya hata akinyamaza. Asiye na swali hutafuta cha kufanya kwa mikono, na mikono isiyo na kazi huonekana mpaka safu ya mwisho.

Nimewaona wanafunzi wakigombania nafasi ya Kinjeketile na kununa walipopewa ya mwanakijiji, na nadhani huo ni upofu unaoanza mapema. Kinjeketile imesomwa miaka mingi sekondari kama kitabu cha mtihani. Mwanafunzi hufundishwa kutaja dhamira, wahusika na mafunzo, apate alama, afunge kitabu. Anafika chuo kikuu akijua kwamba Kinjeketile ni mhusika mkuu, na hajawahi kusimama ukingoni kumsubiri. Chuo kinalazimika kumfundisha upya kwamba ukuu wa mhusika huyo hutengenezwa na nyuso zinazomtazama.

Ombi langu ni kwa walimu wa fasihi wa sekondari, maana chuo kikuu hupokea kile mnachopanda. Kabla ya kuuliza dhamira, sogezeni madawati ukutani. Chagueni kona moja ya darasa iwe Rufiji. Mmoja azame, thelathini wasubiri dakika tatu nzima bila kucheka. Kisha ndipo muulize watu wale waliamini kwa nini. Majibu mtakayopata hayamo katika mwongozo wowote wa mtihani.